Profesa wa Money Heist hakuokotwa: Álvaro Morte alikuwa wapi miaka 15 kabla?

SWALI: Mimi ni mwigizaji wa jukwaani hapa Morogoro, nina miaka 33. Nimemaliza kuangalia Money Heist, ile tamthilia ya Hispania ya genge la wezi, kwa mara ya pili na yule jamaa anayecheza Profesa, Álvaro Morte, bado ananishangaza. Kijiweni wanasema Netflix walimwokota tu, eti kabla ya hapo alikuwa mwalimu wa shule. Mwingine kasema alianza kuigiza akiwa na miaka 40. Je, ni kweli? Alitokea wapi, alikuwa anakula nini kabla ya umaarufu, na sasa anafanya nini? Naomba unijibu kwa kirefu, maana nyumbani wameanza kuniambia kuwa umri wa kuhangaika na sanaa umenipita.

JIBU: Mdogo wangu, kijiwe chako kimekosea karibu yote. Netflix hawakumwokota Morte. Walinunua tamthilia iliyokwisha kurekodiwa na kuonyeshwa huko Hispania, naye akiwa tayari ndani yake. Siku sehemu ya kwanza ilipoenda hewani, tarehe 2 Mei 2017, alikuwa na miaka 42, na televisheni alikuwa ameianza miaka 15 nyuma. Aliyesema alianza na miaka 40 amechanganya kuanza na kujulikana, na katika kazi yetu hayo mawili huachana kwa muda mrefu. Hilo la ualimu lina chembe ya ukweli, nitalifikia.

Alizaliwa 23 Februari 1975 Algeciras, mji wa bandari ulio kusini kabisa mwa Hispania, jirani na Gibraltar. Ukisimama pale siku isiyo na ukungu unaiona milima ya Moroko ng'ambo ya maji. Jina lake la kwenye vyeti ni Álvaro Antonio García Pérez. García na Pérez ni majina ambayo Hispania utayakuta kila mtaa, kwa hiyo sishangai kwamba alitafuta jingine la kuweka kwenye bango. Alianza kusomea uhandisi wa mawasiliano, akauacha, akaingia shule ya juu ya sanaa za maigizo ya Córdoba na kuhitimu mwaka 1999. Baadaye alikwenda kuendelea na masomo Finland, kwenye Chuo Kikuu cha Tampere.

Tulia kidogo hapo kwenye Córdoba. Shule hizi za serikali za maigizo si kozi za wiki sita. Mtu anafundishwa kutumia sauti na mwili, na anapitishwa kwenye tamthilia za kale za Kihispania, zile za karne ya 17 zilizoandikwa kwa beti, mpaka aweze kuzisema bila kukata pumzi mahali pabaya. Kwa hiyo kabla kamera yoyote ya televisheni haijamwona, Morte alikuwa mtu wa jukwaa mwenye elimu kamili. Wewe uliye jukwaani utaelewa haraka kuliko wengine kwa nini Profesa anaweza kuongea dakika nne mfululizo kuhusu mpango wa wizi na wewe hupepesi macho.

Jambo jingine ambalo watazamaji wa huku hawawezi kulisikia ni lafudhi. Watu wa Andalusia, jimbo analotoka, wana namna yao ya kusema: humeza herufi za mwisho na kulainisha matamshi. Kwa miongo mingi televisheni ya Hispania iliwapa wenye lafudhi hiyo nafasi za kuchekesha, za watumishi wa ndani, au za majambazi wapanda farasi. Mwigizaji wa kusini aliyetaka kucheza daktari au wakili alijifunza Kihispania cha Madrid, akaiacha lafudhi ya nyumbani mlangoni. Ukimsikiliza Profesa hutaisikia Algeciras hata chembe. Binafsi naona ni desturi mbaya, na siku hizi inalegea, lakini wakati Morte anaingia sokoni ndiyo ilikuwa kanuni isiyoandikwa.

Na soko lenyewe lilikuwaje? TVE, televisheni ya taifa, ilianza Oktoba 1956, na kwa zaidi ya miaka 30 haikuwa na mpinzani wa nchi nzima. Waigizaji wake walitoka jukwaani moja kwa moja. Kulikuwa hata na kipindi mashuhuri, Estudio 1, kilichoanza 1965, ambacho kazi yake ilikuwa kuleta michezo ya jukwaani studioni. Mwaka 1990 vituo binafsi vya Antena 3 na Telecinco vikaanza kurusha matangazo. Vilikuwa na saa nyingi za kujaza na matangazo ya biashara ya kuuza, na tamthilia ndefu zenye msimu baada ya msimu zikawa bidhaa yao kuu. Hapo ndipo mwigizaji wa Madrid aliweza kuanza kuota mshahara wa mwezi.

Morte aliingia 2002 kupitia Hospital Central, tamthilia ya hospitali ya Telecinco iliyodumu kutoka 2000 hadi 2012. Tamthilia ya namna hiyo ina wahusika wachache wa kudumu, lakini kila sehemu inahitaji wagonjwa wapya, ndugu wa wagonjwa, polisi, na dereva aliyesababisha ajali. Nathubutu kusema nusu ya waigizaji wa Madrid wa kizazi kile wamewahi kulazwa pale. Unapata siku mbili au tatu za kazi, jina lako linapita haraka mwishoni, kisha unarudi kusubiri simu.

Umeuliza alikuwa anakula nini. Swali zuri, na jibu lake si la kufurahisha. Mwaka 2016 taasisi ya AISGE, inayosimamia haki za waigizaji wa Hispania, ilitoa matokeo ya utafiti wake kuhusu hali ya kazi hiyo. Ilionekana kwamba ni waigizaji kama 8 tu katika kila 100 waliokuwa wakipata kipato cha kuweza kuishi kwa kuigiza peke yake. Soma tena: Hispania, nchi ya Ulaya, yenye vituo vya kila aina na sinema kila mji. Wale wengine 92 walikuwa wakihudumu mikahawani, wakifundisha, wakiingiza sauti kwenye filamu za kigeni, au wakitegemea wenza wao.

Tofauti kubwa na huku kwetu iko kwenye sheria. Sheria ya Hispania inampa mwigizaji haki ya malipo kila kazi yake inaporushwa upya, na AISGE ndiyo inayokusanya fedha hizo kwa vituo na kumfikishia. Hazitajirishi, ila mtu aliyecheza mgonjwa mwaka 2005 anaweza kupata kitu sehemu hiyo ikirudiwa miaka baadaye. Tena Januari 2023 serikali yao ilipitisha posho maalumu ya kukosa kazi kwa wasanii, ikikubali kwamba mtu anayefanya kazi siku chache tu kwa mwaka si mvivu, ndivyo kazi yenyewe ilivyo. Hayo ya 2023 yamemkuta Morte tajiri tayari, lakini nimeyataja kwa sababu wewe umeuliza mtu anaishije.

Sasa turudi kwake. Mwaka 2011 aligundulika na uvimbe wa saratani kwenye paja la kushoto. Amelieleza mwenyewe hadharani: alidhani atakufa, au kwa nafuu atakatwa mguu. Hakufa, wala mguu haukukatwa. Mwaka uliofuata, 2012, yeye na mkewe wakaanzisha kampuni yao ya maigizo, 300 Pistolas, iliyojikita katika kuwafikishia vijana tamthilia za kale. Mtu anaweza kusema ugonjwa ndio uliomsukuma. Mimi sitasema hivyo, kwa kuwa waigizaji wengi wa Hispania huanzisha kampuni ndogo kwa sababu ya kawaida kabisa: simu hailii, na jukwaa lako mwenyewe halihitaji kusubiri simu. Alikuwa na miaka 37 wakati huo. Angalia umri wako, kisha endelea kusoma.

Mwaka 2014 ndipo simu ilipolia kwa maana. Antena 3 ilikuwa na tamthilia ya kila siku ya alasiri, El secreto de Puente Viejo, inayohusu kijiji cha kubuni cha mwanzoni mwa karne ya 20, chenye bibi kizee tajiri na katili, watoto waliobadilishwa na mapenzi yasiyokwisha. Ilianza Februari 2011 na kumalizika Mei 2020, ikiwa na sehemu zaidi ya 2,300. Morte aliingia kama Lucas Moliner, daktari wa kijiji, na akakaa hadi 2017. Kama umewahi kuona tamthilia za Meksiko zilizotawala jioni za Afrika Mashariki, unajua mfumo: kila siku sehemu moja, kila Ijumaa siri moja inakaribia kufichuka.

Wasomi wa filamu huwa wanazibeza tamthilia hizi. Nami nilikuwa nazipita juu juu nilipoanza kufundisha historia ya televisheni, mpaka nilipoanza kufuatilia zinavyotengenezwa. Hesabu ni kali. Kama kituo kinarusha sehemu moja kila siku ya kazi, basi kiwandani lazima itoke sehemu moja kwa siku ya kazi, wiki baada ya wiki, mwaka baada ya mwaka. Kamera zinakuwa kadhaa kwa pamoja, kwa sababu hakuna muda wa kurudia tukio kwa kila pembe. Mazoezi ni kupitia maneno mara moja au mbili huku mafundi wakipanga taa. Mwigizaji anapokea kurasa nyingi jioni, anazihifadhi usiku, asubuhi anazisema mbele ya kamera, na zikikamilika anazisahau ili apishe za kesho. Akikosea mara tatu analaumiwa na watu 60 waliosimama wakimngoja.

Mtu anayeishi hivyo kwa miaka mitatu anajifunza vitu ambavyo shule ya Córdoba haiwezi kumpa. Anajua lenzi iko wapi bila kuitazama, anajua kiasi cha uso kinachotosha picha ya karibu, na anaweza kulia saa tatu asubuhi, kucheka saa tano na kulia tena baada ya chakula. Zaidi ya hapo, anajifunza kuchukua sentensi mbovu, kwa sababu mwandishi naye anakimbizwa na saa, na kuisema kana kwamba ndiyo sentensi pekee ambayo binadamu angeweza kusema pale. Nakwambia, ukimtazama Profesa akieleza mambo yasiyowezekana kwa utulivu ule, unamtazama daktari Lucas aliyezoea.

Kitu kimoja ambacho mashabiki wa huku hawakijui: Morte alikuwa maarufu nje ya Hispania kabla ya Netflix, lakini mahali pamoja tu. El secreto de Puente Viejo ilinunuliwa na Canale 5 ya Italia, ikapewa jina Il segreto, na Waitalia wakaipenda mno. Kwa hiyo kulikuwa na akina mama wa Kiitaliano waliomjua daktari huyu miaka kadhaa kabla ya mtu yeyote kuvaa barakoa ya Dalí, ile ya genge la Money Heist.

Tuje kwenye usaili wenyewe, kwa sababu hapa ndipo hadithi ya kuokotwa inapofia. Mtayarishaji Álex Pina na wenzake walikuwa wakiandaa La casa de papel, ndiyo hiyo Money Heist yako, kwa ajili ya Antena 3. Mhusika wa Profesa aliwasumbua kumpata. Awali walimfikiria mtu wa miaka 50 hivi, mwenye sura ya mhadhiri wa Harvard. Waliompendekeza Morte ni wasaka waigizaji, na pendekezo halikupokelewa kwa shangwe, kwa kuwa alikuwa mtu wa tamthilia za kila siku. Aibu hiyo ipo Hispania kama ilivyo kila mahali. Alipitishwa kwenye usaili mara tano, ndani ya miezi miwili. Mara tano! Kuna watu huokotwa kwenye fani hii, sikatai, lakini aliyeokotwa haitwi mara tano.

Na hapa ndipo ualimu unapoingia. Morte amewahi kufundisha, na alipokuwa akimjenga mhusika aliutumia uzoefu huo: akamwondolea Profesa fahari ya mhadhiri wa Harvard, akampa unyenyekevu wa mwalimu wa shule ya msingi. Yule mtu anayesogeza miwani kwa kidole, anayeandika ubaoni na kungoja darasa linyamaze, anayeonekana angeweza kusahau mwavuli kwenye basi, hakutokea kwa bahati. Kwa hiyo rafiki yako wa kijiweni alisikia neno ualimu mahali fulani, akalijazia mengine.

Ukitaka kujifunza kitu kwake kama mwigizaji, acha milipuko, tazama matukio mawili. La kwanza ni pale anapokutana na Inspekta Raquel Murillo mkahawani, simu ya Raquel imeisha chaji, naye anamwazima yake. Pale Morte anamcheza Sergio Marquina, ndilo jina halisi la Profesa, anayemcheza mtu mwingine, Salva, mpole anayetengeneza pombe ya matufaha. Kuna wahusika wawili kwenye mwili mmoja, na mtazamaji anatakiwa awaone wote huku Raquel akimwona mmoja tu. Angalia mikono yake. Salva hajui aiweke wapi, wakati Sergio, akirudi kwenye maficho yake, hana mkono unaosogea bila sababu.

La pili si tukio moja. Ni yale yote ambayo Profesa yuko peke yake mbele ya runinga zake, na simu mkononi. Muda mwingi wa misimu miwili ya kwanza hana mwenzake wa kuchezea. Genge liko ndani ya kiwanda cha noti, polisi wako kwenye hema, naye yuko ghalani akiongea na waya. Jukwaani wewe unapokea macho ya mwenzako na unamrudishia. Kuongea na kifaa kwa saa nyingi na bado kumfanya mtazamaji aamini kuna mtu upande wa pili ni kazi ngumu mno, na ndiyo sababu nasema hakuna mwanafunzi aliyetoka shuleni jana angeiweza. Itziar Ituño, anayecheza Raquel, naye ni mtoto wa tamthilia ndefu: alitoka Goenkale, ya televisheni ya Kibaski, iliyodumu miaka zaidi ya 20. Ukiwaona wawili hao wanavyoelewana mkahawani, unaona watu waliozoea kukamilisha kazi bila kurudiarudia.

Wengine wa genge lile pia hawakuwa wageni. Úrsula Corberó, Tokyo, alikuwa amejulikana na vijana tangu 2008 kupitia Física o Química, tamthilia ya shule ya sekondari. Paco Tous, yule Moscú, alikuwa mhusika mkuu wa Los hombres de Paco iliyoanza 2005. Alba Flores, Nairobi (na hapa Wakenya huwa wananikatiza kwa furaha), alitoka Vis a vis, ya gereza la wanawake. Pedro Alonso, Berlín, alikuwa mwovu wa Gran Hotel. Wote ni wafanyakazi wa televisheni.

Kuhusu Netflix sasa. Antena 3 ilirusha sehemu ya kwanza na kupata watazamaji zaidi ya milioni 4, idadi kubwa kwa Hispania. Halafu wakaanza kupungua. Tamthilia za jioni za Hispania huanza karibu saa nne na nusu usiku na kila sehemu hudumu kama dakika 70, ukiongeza matangazo unalala saa sita na zaidi. Kituo kikaikata katikati kwa mapumziko ya kiangazi, kikairudisha Oktoba. Ilipomalizika Novemba 2017 walikuwa wamebaki chini ya milioni 2. Haikuwa aibu, lakini hakuna aliyepanga kuendelea. Waigizaji walishaagana, kila mtu akarudi kutafuta kazi nyingine. Mkataba wa Morte, na umaarufu wake, ungeishia hapo.

Mwishoni mwa mwaka huohuo Netflix ikaiweka kwenye orodha yake ya dunia, bila kampeni yoyote. Sehemu 15 za dakika 70 zilikatwa upya zikawa 22 fupi, 13 na 9, hizo ndizo unazoziita msimu wa kwanza na wa pili. Ukataji huo una maana kuliko watu wanavyodhani: tamthilia iliyokuwa inachosha saa sita usiku ikawa tamthilia usiyoweza kuizima. Miezi michache baadaye, 2018, Netflix ikatangaza kwamba ndiyo iliyotazamwa zaidi miongoni mwa tamthilia zake zisizo za Kiingereza. Novemba mwaka huo ikashinda tuzo ya Emmy ya kimataifa ya tamthilia bora. Ndipo Netflix ikalipia mwendelezo: msimu wa tatu Julai 2019, wa nne Aprili 2020, na wa tano ukagawanywa Septemba na Desemba 2021. Ule wa nne Netflix wenyewe walisema ulifika kwenye nyumba milioni 65 katika wiki nne za mwanzo, na tusisahau wakati huo nusu ya dunia ilikuwa imefungiwa ndani kwa korona.

Kwa maoni yangu, kazi bora ya Morte iko kwenye misimu miwili ya mwanzo. Baada ya hapo fedha ziliongezeka na hatari ikapungua. Profesa alikuwa mwongo mwenye haya, akafanywa jemadari mwenye hotuba. Morte anazisema hotuba hizo vizuri, yule mtu wa beti za karne ya 17, lakini ule uwili wa Sergio na Salva haupo tena na mimi naukosa. Utapinga, najua, kila mtu hunipinga hapa.

Baada ya hapo amefanya uamuzi ambao naona ni wa busara: hajacheza mwalimu mwenye miwani tena. Pina alimchukua kwenye El embarcadero, ya Movistar+, televisheni ya kulipia ya Hispania, 2019, iliyopigwa picha kwenye mabwawa ya mpunga ya Albufera karibu na Valencia. Humo anacheza Óscar, mtu anayekutwa amekufa mwanzoni kabisa, na polepole tunagundua alikuwa na wanawake wawili na maisha mawili. Kwenye The Wheel of Time ya Amazon, kuanzia 2021, alikuwa Logain, mtu anayejidai kuwa mwokozi, na akaigiza kwa Kiingereza. Mwaka 2022 alikuwa Juan Sebastián Elcano kwenye Sin límites, baharia aliyekamilisha safari ya kuzunguka dunia baada ya Magellan kuuawa Ufilipino. Mwaka 2024 akaonekana kama padri kwenye filamu ya kutisha ya Immaculate, pamoja na Sydney Sweeney. Hizi si zote nzuri kwa kiwango kimoja. Sin límites ina mavazi mazuri kuliko mazungumzo. Lakini ni mtu anayejaribu milango tofauti.

Kazi yake ya karibuni iliyonivutia zaidi ni Anatomía de un instante, ya Movistar Plus+, 2025, iliyoongozwa na Alberto Rodríguez. Inahusu jaribio la mapinduzi la 23 Februari 1981, pale askari walipovamia bunge la Hispania wakifyatua risasi na wabunge wakajificha chini ya viti. Wachache mno hawakuinama, na mmoja wao alikuwa Adolfo Suárez, waziri mkuu aliyekuwa akiondoka madarakani. Morte ndiye Suárez. Tazama tarehe ile: siku ya mapinduzi alikuwa anatimiza miaka 6. Na Suárez, kabla ya kuwa waziri mkuu, aliwahi kuwa mkurugenzi mkuu wa redio na televisheni ya taifa, kuanzia 1969 hadi 1973, kwa hiyo alikuwa mwanasiasa aliyeijua kamera na alijua inavyompenda. Kumpa nafasi hiyo mtu aliyekulia mbele ya kamera za televisheni ni uchaguzi wa akili. Suárez wake ni mtu anayejua kwamba anatazamwa hata akiwa peke yake chumbani.

Kuhusu wanaokuambia umri umepita, sitakudanganya kwamba kwa kuwa Morte aliweza basi na wewe utaweza. Kumbuka wale 92 katika 100. Ninachoweza kukuambia ni kwamba akiwa na umri wako, mwaka 2008, bado hakuwa amejulikana, na hakuacha kufanya mazoezi ya kazi yake: jukwaani, kwenye nafasi ndogo, baadaye kwenye kampuni yake mwenyewe. Na tamthilia ya kila siku ikikufungulia mlango, hata kama wenzako wa jukwaani wataicheka, ingia. Malipo ni ya uhakika kwa muda huo, na mafunzo hayo ya kamera hakuna chuo kitakachokupa. Ila soma mkataba, hasa kifungu cha marudio, kwa sababu huku hakuna AISGE ya kukukumbuka sehemu yako ikirushwa kwa mara ya nne.

Na jambo la mwisho, la vitendo. Kama mara zote mbili umeitazama Money Heist kwa sauti ya Kiingereza, kama wengi wanavyofanya, basi sauti uliyoisikia si ya Morte. Rudi msimu wa kwanza, chagua sauti ya Kihispania, weka maandishi chini kwa lugha unayoisoma haraka, kisha sikiliza Salva anavyopumua kabla ya kujibu na Sergio asivyopumua kabisa. Kisha uniandikie umeona nini.